Wawili Wawili, Bila Daftari

Mahubiri ya Dominika ya 14 ya Mwaka C

Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlio wagonjwa vitandani, ninyi akina mama mlio jikoni na redio pembeni, nanyi makatekista mliokwisha kutangulia vigangoni tangu alfajiri katika baridi hii ya Julai, nawasalimu kutoka Njoro, hapa Moshi.

Katika Injili ya leo, sura ya 10 ya Mtakatifu Luka, Bwana anawachagua wengine sabini na wawili, anawatuma wawili wawili wamtangulie katika kila mji aliokusudia kuufikia mwenyewe. Tuangalie jinsi anavyowapunguzia mizigo kabla hawajaondoka. Mfuko wa fedha hawapewi, mkoba hawapewi, hata viatu vya akiba hawachukui. Wanapewa salamu ya amani, nayo waitoe mlangoni kabla ya neno lingine lolote. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba anapata kitu kabla hajaombwa kitu.

Naianza hapo kwa sababu ya swali lililoulizwa katika semina ya viongozi wa jumuiya. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema: "Baba, sisi tuliokuwapo jumuiya zilipoanza tunaona moto umezimika. Je, turudi tulikotoka, au wakati ule umepita?" Ukumbi ulinyamaza. Mimi nilijibu harakaharaka, jibu la padre mwenye ratiba. Leo napenda kumjibu vizuri zaidi.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hazikushuka kutoka mbinguni zikiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwaka 1973 maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, wakiwa katika umoja wao wa AMECEA, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya za msingi, mahali watu wanapojuana kwa majina. Mwaka 1976 wakaufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Wakati huohuo, mwezi Desemba 1975, Baba Mtakatifu Paulo VI alikuwa amelikumbusha Kanisa zima kwamba kuinjilisha ndiyo sababu ya kuwapo kwake. Hayo mawili yalikutana. Jumuiya ilikusudiwa iwe na miguu.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo kule mlimani. Nakumbuka siku moja, baada ya sala za jumuiya chini ya migomba, mama yangu na mama mwingine walijitwika mkungu wa ndizi na mzigo wa kuni, wakanichukua nami. Tulikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa ameolewa mke wa pili, na kwa sababu hiyo alikuwa hapokei Sakramenti, na kwa aibu hata sala za jirani alikuwa ameziacha. Nilingoja kusikia mahubiri. Hayakutolewa. Walipasua kuni, wakamenya ndizi, wakaongea habari za mvua na za mtoto wake aliyekuwa na kikohozi. Kabla ya kuondoka wakasali Baba Yetu, na yule mama akaitikia. Ndivyo ilivyokuwa ile ari ya mwanzo ambayo mzee wetu aliililia pale ukumbini. Ilikuwa kazi ya kawaida kabisa, hata haikuwa na jina.

Sasa tutazame jumuiya zetu nyingi leo. Tunakutana Jumamosi alfajiri, zamu kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Sala dakika kumi, Injili dakika kumi, halafu daftari linafunguliwa. Mchango wa ujenzi wa kigango, mchango wa gari la parokia, mchango wa jubilei, mchango wa harusi ya mtoto wa fulani, bahasha za zaka ambazo hazijarudi. Saa nzima inakwisha. Aliyechelewa kulipa anatajwa. Wiki inayofuata haonekani, na ya tatu haonekani, na hakuna anayeuliza habari zake ila mweka hazina.

Msinielewe vibaya. Makanisa tunayosali yamejengwa kwa shilingi za akina mama wauza ndizi, na mapadre tunakula kutokana na hizo. Sidharau michango. Nasema tu kwamba chombo kilichoundwa kwenda kumtafuta mtu, tumekigeuza kuwa dirisha la kupokelea malipo, na sisi mapadre ndio tuliokigeuza, kwa kuwa ni chepesi kutumia. Tukitaka fedha tunaiandikia jumuiya. Tukitaka kujua nani mzima na nani mkosefu tunaomba barua ya jumuiya. Bila barua hakuna ubatizo, hakuna ndoa, na wakati mwingine, Mungu atusamehe, hakuna maziko.

Hilo la maziko nalisema nikiwa na sababu. Katika parokia mojawapo niliyotumikia zamani alikuja kwangu mzee Mwislamu, mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha. Alisema mpangaji wake amefariki usiku, kijana mlinzi wa usiku, mtu wa mbali, na kwamba chini ya mto wake wameona rozari na cheti cha Kipaimara. Majirani walikuwa wamekwisha kuchanga fedha za jeneza. Aliomba Kanisa limzike mtu wake. Nami, mbele ya mzee yule aliyekuja kwa heshima zote, niliuliza: "Jumuiya yake ni ipi?" Hakujua. Nikampigia simu mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa ule. Akasema: "Baba, hatumfahamu. Hana kadi." Nikamwambia mzee akaniletee barua.

Barua ingetoka wapi? Jumuiya inakutana Jumamosi alfajiri, saa ileile mlinzi anapotoka lindoni akiwa na usingizi wa usiku mzima machoni. Kwa miaka miwili alikuwa amekaa chumba cha nne kutoka nyumbani kwa mwenyekiti. Hakuna aliyebisha hodi.

Mchana nilijirudi, nikachukua stola na maji ya baraka, nikaenda. Nilikuta kaburi limefukiwa. Katekista wetu mzee alikuwa amesikia habari, akaja bila kuniuliza, akaongoza sala za maziko kama Kanisa linavyomruhusu katekista pale padre anapokosekana. Pembeni walisimama Waislamu wa nyumba ile, wenye majembe mikononi. Nilimwuliza katekista alimfahamuje marehemu. Alisema: "Baba, kila alfajiri nikienda kupiga kengele tulikuwa tunapishana njiani. Alikuwa ananipa shikamoo." Hakuongeza neno, wala hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni ndiyo. Turudi. Lakini tuwe waangalifu tunarudi kwenye nini, maana siku za mwanzo nazo zilikuwa na magugu yake.

Mwaka 1890 Askofu de Courmont na mapadre wawili wa Shirika la Roho Mtakatifu, Le Roy na Gommenginger, walipanda mlima huu wakitokea pwani, wakapokelewa Kilema kwa Mangi Fumba. Mwaka 1893 misioni ikafunguliwa Kibosho. Mwaka huohuo Walutheri wa Leipzig nao wakafika mlimani. Ari ilikuwa kubwa pande zote mbili. Watu walitembea kwa miguu, wakajifunza lugha, wakafungua shule. Nyuma yao walikuja walimu wa dini, wenyeji wa hapa, ambao majina yao mengi hayamo katika vitabu. Hao ndio waliowafundisha babu zetu alama ya msalaba chini ya mti. Hata hivyo ari hiyohiyo iligawanya mlima. Mpaka leo ukitaja Machame watu husikia Walutheri, ukitaja Kilema au Kibosho husikia Wakatoliki, na ndugu wa ukoo mmoja walifikia kuogopana kwa ajili ya Yesu mmoja. Tena palikuwa na wahubiri walioziona desturi zetu zote kuwa giza tupu. Ilhali Mchaga akimkosea mwenzake humpelekea jani la sale, na anayelipokea huona vigumu kukataa kusamehe. Je, mtu wa namna hiyo hakuwa amekwisha kuandaliwa kuisikia salamu ya amani?

Basi wanaodhani kuirudia ari ya mwanzo ni kufunga vipaza sauti, kushindana na mihadhara ya wengine na kuhesabu walioongoka, hao nawaomba wasome tena Injili ya leo. Wale sabini na wawili waliporudi wakifurahia mafanikio yao, Bwana aliwatuliza. Aliwaambia wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Jina la yule mlinzi sisi hatukuwa nalo hata katika daftari la mtaa.

Kule mlimani, pengine, jumuiya inaweza kusinzia bila madhara makubwa. Vihamba vinapakana, jirani ni shemeji au binamu, mtu akiumwa ukoo unajua kabla ya jua kuzama. Hapa Njoro sivyo. Hapa ni mjini chini ya mlima, watu wametoka Upare, Singida, Kigoma, Rombo, na wengi wamepanga. Chumba kina kufuli nje mchana kwa sababu mwenyewe yuko kazini, na kufuli ndani usiku kwa sababu amechoka. Huyu anaendesha bodaboda, yule ni mama lishe, mwingine ni msichana wa kazi ambaye hatoki nje ya geti ila kwa ruhusa. Hao ni wabatizwa wetu. Tunawalalamikia kwamba wamehamia makanisa mengine ya kiroho. Nimewauliza baadhi yao sababu. Ni wachache waliotaja mafundisho. Wengi wamesema: "Baba, nilipokuwa mgonjwa wao walikuja."

Wapo watakaoniambia kwamba hawakusoma, na hawataweza kujibu maswali ya Biblia mlangoni pa watu. Mama yangu aliishia darasa la nne, ndugu zangu, na siku ile hakuulizwa swali lolote. Wengine watasema mjini watu hawapendi wageni. Kweli, yapo malango yasiyofunguka, na Bwana alilijua hilo, ndiyo maana alisema habari za kukung'uta mavumbi. Ila mavumbi hukung'utwa na aliyefika. Asiyekwenda hana vumbi la kukung'uta.

Nawapa basi kazi, na wenyeviti wa jumuiya mnaonisikiliza naomba mwandike. Jumamosi ijayo, baada ya Injili na kabla ya michango, mwenyekiti aulize swali moja: ni nani katika mtaa wetu ambaye hatujamwona? Msijibu kwa kuangalia orodha ya kadi, kwa maana anayetafutwa hayumo. Jibuni kwa kukumbuka milango. Halafu wateuliwe wawili waende siku hiyohiyo, au jioni, au saa tano usiku kama mwenyewe ni wa lindo. Daftari libaki nyumbani. Kitabu cha stakabadhi kibaki nyumbani. Akiuliza mnataka mchango gani, maana atauliza, mwambieni hakuna. Kwa mara ya kwanza msimwalike hata jumuiya. Salimuni, ketini mkikaribishwa, ulizeni hali. Na kama mwenyeji ni Mwislamu au Mlutheri, salamu ya amani ni yake pia. Mimi nilifundishwa maziko ya Kikristo na mzee Mwislamu.

Na ninyi mapadre wenzangu, kama mko karibu na redio, tuache kuiandikia jumuiya barua ya fedha japo mwezi mmoja, tuone itafanya nini na muda wake.

Yule mzee mwenye nyumba alikwisha kufariki. Jumuiya ya mtaa ule siku hizi inakutana Jumapili saa kumi jioni, baada ya walinzi kuamka na kabla hawajaingia lindoni. Katekista ndiye aliyeomba muda ubadilishwe. Ilichukua vikao vitatu, na mwenyekiti alipinga mpaka mwisho kwa hoja kwamba saa kumi ni saa ya mpira.

Tumsifu Yesu Kristo.