Nyumba ni Maskani, si Ghala

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tunakuusieni, na kwanza tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu na kuzikumbuka neema zake ambazo kwa kuzizoea tumezisahau. Miongoni mwa neema hizo ni nyumba. Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa Yeye ndiye aliyetujaalia majumba yetu yawe mahali pa kutulia. Neno lililotumika pale ni sakan, na katika shina lake ndimo lugha yetu ilimopata neno maskani. Basi nyumba huwa maskani kwa sababu mja huingia humo na taabu zake za mchana, akapata utulivu. Kuta na paa peke yake hazitoshi. Hata ghala lina kuta na paa.

Na tujiulize: je, nyumba zetu zingali maskani? Mtu anarejea kutoka kazini, mlangoni anapokewa na rundo la viatu vilivyokatika kanda. Sebuleni, redio mbovu imepandishwa juu ya televisheni mbovu. Uvunguni masanduku, juu ya kabati mabegi, na ndani ya kabati nguo za watoto ambao sasa nao wana watoto wao. Mtu huyo huketi, lakini hatulii. Kila akitazamacho kinamdai: nitengeneze, nifute vumbi, nitafutie mahali. Mwili umekaa kitini, moyo bado uko kazini. Hapo neno dogo la mtoto huwa kubwa, na funguo iliyopotea huzua ugomvi wa usiku kucha.

Jicho ni mlango wa moyo. Amepokea Bukhari kuwa Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha alilositiri upande mmoja wa nyumba yake. Mtume akamwambia aliondoe, kwani picha zake zilikuwa zikimjia katika Sala. Tena alipata kusali na nguo yenye nakshi, akaitupia jicho mara moja. Alipomaliza aliagiza ipelekwe kwa Abu Jahm, na badala yake aletewe nguo isiyo na nakshi. Ikiwa moyo uliotakasika kuliko mioyo yote ulikingwa na pazia moja na nguo moja, itakuwaje mioyo yetu sisi katikati ya vikorokoro mia?

Elimu ya kidunia nayo imegusia jambo hili. Mwaka 2010, Darby Saxbe na Rena Repetti, wataalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, walitangaza utafiti juu ya wanandoa 60, mke na mume wote wakiwa wafanyakazi. Kila mmoja alizieleza nyumba zao kwa maneno yake, na mate yao yakapimwa kujua kiasi cha kotisoli, homoni ambayo mwili huizidisha wakati wa dhiki. Kwa kawaida kotisoli huwa nyingi asubuhi, ikapungua hadi jioni. Kwa wake walioziona nyumba zao kuwa zimesongwa na vitu na kazi zisizokwisha, haikushuka kama ipasavyo, na huzuni yao ilizidi kadiri siku ilivyokwenda. Hao ni watu wachache wa nchi moja. Lakini ni nani kati yetu asiyemjua mama wa namna hiyo?

Basi enyi waume, msiseme, "Mke wangu hajui kupanga nyumba," ilhali nusu ya mrundikano ni vyuma na vipuri vyenu. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia ahali zake. Huo ndio mwendo wake, nasi tuufuate.

Hatusemi kuwa mali ni haramu. Wala hatumlaumu anayeishi na wanawe chumba kimoja cha kupanga, akahifadhi ndoo na kamba kwa sababu hana cha kununulia nyingine. Huyo ana dhiki ya nafasi, na Mola anaijua. Tunayemsemesha ni yule anayeongeza juu ya kilichozidi. Amepokea Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alitaja tandiko moja la mume, la pili la mke, la tatu la mgeni, na la nne akasema ni la shetani. Ndivyo mpaka wa haja ulivyowekwa.

Tufanyeje? Kila wiki, kabla ya Ijumaa, tuchague pembe moja ya nyumba. Amana za watu zirejeshwe kwa wenyewe, maana huenda mauti yakatukuta nazo. Kilicho kizima wala hatukitumii, tukitoe sadaka. Na sadaka isiwe taka: Sura Al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kutoa kibovu ambacho wenyewe tusingekipokea. Kilichooza kitupwe. Blanketi lililolala sandukuni miaka kumi lina mwenyewe. Naye ni jirani anayetetemeka kwa baridi.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Ewe Mola wetu, zijaalie nyumba zetu ziwe maskani ya utulivu, utukinaishe kwa ulichoturuzuku, uwape faraja mama zetu na wake zetu waliochoka, na uipe mikono yetu wepesi wa kutoa. Amin.