Breki za Gari na Mteremko Wetu

(Mazungumzo ya fundi wa magari na wanakisomo wa kijijini)



Leo tuzungumze juu ya breki. Sisi watu wa mlimani tunaishi juu, na soko liko chini. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000. Gari lenye ndizi na abiria hushuka mteremko mrefu. Injini ikiharibika, gari husimama. Breki zikiharibika, gari halisimami.

Magari mengi yana breki za diski mbele. Diski huzunguka pamoja na gurudumu. Chuma kinachoikumbatia diski huitwa kalipa. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa. Hapo pedi mbili huibana diski kama viganja viwili.

Kwenye magari mengi kalipa huteleza juu ya pini. Vumbi la kiangazi na tope la masika huingia humo, pini zikashika kutu na kalipa ikakwama. Utajuaje? Gari huvuta upande mmoja. Gurudumu moja huwa la moto kuliko mengine na hutoa harufu ya kuungua. Ukiona hivyo, usingoje.

Fanya hivi:

1. Egesha gari mahali tambarare. Zuia magurudumu mengine kwa magogo. Inua kwa jeki, kisha weka stendi imara. Usiamini jeki peke yake.

2. Fungua gurudumu, tazama pedi. Zikibaki milimita 3, badilisha za kulia na za kushoto pamoja.

3. Ukitoa kalipa, ifunge juu kwa waya. Isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta.

4. Chomoa pini, futa kutu, paka grisi maalumu ya breki. Grisi isiguse pedi wala diski.

5. Rudisha vyote, kaza boliti. Kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ndipo uondoke.

Raba za kalipa usizisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa, maana zitavimba. Ukiona mafuta yanavuja, hiyo si kazi ya nyumbani. Mwite fundi.

Neno la mwisho. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 za Sentigredi au zaidi. Yakishaingia maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka mteremkoni, pedali huzama na breki hazishiki. Basi yabadilishe kila baada ya miaka 2. Tena usishuke kwa breki tupu. Gia uliyopandia mlima, ndiyo ya kushukia.

Ndani ya gari hilo wamo watoto wetu waendao shule. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.