Usiamini Geji ya Petroli Kabla ya Kuijaribu

Haya ni maneno ya hotuba ambayo fundi mmoja wa motokaa aliwaambia madereva na wenye magari.



Leo nataka kusema nanyi juu ya tangi la petroli na geji yake. Wengine watadhani jambo hili ni dogo. Lakini mtu akiishiwa na petroli usiku kati ya Mtito Andei na Voi, mwendo wa karibu kilomita 100 katika nchi ya simba na tembo, naye amechukua mgonjwa, atajua kwamba si dogo. Namjua dereva aliyepatwa na hayo. Sindano ilimwonyesha nusu ya tangi, kumbe tangi lilikuwa kavu. Wazee walisema, njia ya mwongo ni fupi. Na geji ikisema uongo, safari nayo huwa fupi.

Basi geji hufanyaje kazi? Ndani ya tangi mna boya lielealo juu ya petroli, nalo limeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Petroli ikipungua, boya hushuka, na mkono huo hubadili nguvu ya umeme ipitayo katika waya mpaka kwenye sindano iliyo mbele ya dereva. Kwa hiyo mashahidi ni watatu: boya, waya na sindano. Fundi mwema huwauliza mmoja mmoja, wala hanunui kitu kipya kabla ya kumjua aliye mwongo.

Kwanza tazama fyuzi. Ikiwa geji nyingine pia zimelala, huenda kosa ni hilo. Kisha, ikiwa gari ni la namna ya zamani lisilo na kompyuta, fanya hivi. Zima swichi. Ondoa waya wa geji penye tangi, usiguse kitu chochote. Fungua swichi, utazame sindano imesimama wapi. Zima tena, ufunge waya ule kwenye chuma kitupu cha bodi, mbali na mdomo wa tangi, kisha fungua swichi kwa kitambo kidogo tu. Sindano ikitoka mwisho mmoja ikaenda mwisho wa pili, basi sindano na waya ni vizima, na kosa li katika tangi. Isipotikisika, kosa li katika waya au katika geji yenyewe. Nimesema uzime swichi kwanza kwa sababu cheche moja karibu na petroli yatosha kuleta msiba. Magari ambayo geji yake hupitia katika kompyuta yasijaribiwe hivyo. Yapelekwe kwa fundi mwenye chombo cha kuyapima.

Kosa likiwa upande wa tangi, safisha kwanza mahali ambapo chombo cha boya huungana na bodi, maana kutu ya hapo peke yake yaweza kuidanganya sindano. Isipofaa, fundi atakitoa chombo hicho. Akitikisa boya na kusikia petroli ndani yake, boya limetoboka na kuzama; ndiyo sababu sindano husema tangi ni tupu hata likiwa limejaa. Mkono ukikwama, sindano hubaki palepale. Ndivyo ilivyokuwa kwa dereva yule: mkono ulishikwa na kutu katikati.

Tangi nalo lina magonjwa yake. Ikiwa injini huzimika baada ya mwendo kidogo, na ukifungua kifuniko wasikia hewa ikivutwa ndani, njia ya hewa imeziba. Petroli ikiingiwa na maji, maji hukaa chini kwa kuwa ni mazito zaidi, nayo huleta kutu. Likivuja kwa tundu dogo, sabuni ya kufulia ikisuguliwa pale yaweza kulizuia mpaka ufike gereji. Lakini huo ni msaada wa njiani tu, si dawa.

Sasa neno kubwa kuliko yote. Usiwashe kiberiti ili utazame tangi. Tangi lililoondolewa petroli ni la hatari kuliko lililojaa, maana ndani yake hubaki mvuke uliochanganyika na hewa, nao ndio ulipukao. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini mpaka kwenye jiko lililo mbali. Kwa hiyo mtu asichomelee tangi kando ya barabara kwa kusema kwamba ni tupu. Hiyo ni kazi ya fundi aliyejifunza kuuondoa mvuke wote kwanza, na mara nyingi ni heri kununua tangi jingine. Tena usivute petroli kwa mdomo katika mpira. Ikiingia mapafuni yaweza kuua.

Mpaka geji itengenezwe, jaza tangi, andika kilomita katika daftari, ujue lita moja hukufikisha wapi. Tahadhari kabla ya hatari.