MZEE ANAPOHAMA PAMOJA NASI

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani na vyuoni:

Watu wa Nyanda za Juu Kusini ni watu wa safari. Tangu zama za ukoloni vijana wa Mbeya na Iringa walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na shaba katika nchi iliyoitwa Rodesia ya Kaskazini, ambayo tangu mwaka 1964 ni Zambia. Wengine walioa huko na kuzaa huko. Migodi ile ya shaba ilipouzwa kwa makampuni kati ya mwaka 1997 na 2000, wengi walikosa kazi, na wako waliofunga mizigo wakarejea kwa wazee wao. Kurejea hakujakoma hata leo.

Alitujia mtu mmoja baada ya sala ya Ijumaa, mzaliwa wa Mgololo, pale penye kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi mwaka 1985. Yeye alikaa Kitwe miaka mingi, akaoa huko, na sasa amekata shauri kurudi. Alitangulia peke yake kutengeneza nyumba. Mkewe alifiwa na mama angali mchanga, akalelewa na mama yake mkubwa, na bibi huyo sasa amepita miaka themanini, macho yamefifia, hata maji ya kutawadhia huletewa. Mtu huyu akatuuliza, "Sheikh, je, sheria yanilazimisha kuja naye?"

Tulimjibu kwanza kwa fiqhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, nafaka ya lazima kwa jamaa ni ya wazazi na waliowazaa wazazi, na ya watoto na wajukuu. Imamu Abu Hanifa aliipanua hata ikamfikia kila jamaa maharimu aliye mhitaji. Basi kwa madhehebu yetu mama mkubwa wa mke hamo katika nafaka ya lazima, si kwa mume wala kwa mke. Tuliona uso wa yule bwana umepata nafuu, tukamwomba asiondoke kwanza.

Mwaka wa saba wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra, binti mdogo wa Hamza, aliyekwisha kufiwa na baba, aliwafuata nyuma akiita ami yake. Ali akamchukua. Wakashindana juu yake watu watatu, Ali, Jaafar na Zaid, kila mmoja akitaka kumlea. Mtume akahukumu akae kwa Jaafar, kwa sababu mke wa Jaafar alikuwa ndugu wa mama wa mtoto, akaeleza kuwa ndugu wa mama yu mahali pa mama. Wanavyuoni wameitumia hukumu hii katika malezi ya watoto. Nasi twauliza: aliyekuwa mahali pa mama siku ya kunyonyesha na kuogesha, ni nani aliyemwondoa mahali hapo siku alipohitaji kuogeshwa yeye? Kuunga ukoo ni wajibu, wala hakungoji mlango wa nafaka.

Kisha tukamwuliza, "Bibi mwenyewe mmemwuliza?" Akanyamaza. Ikadhihirika kuwa kitanda cha bibi kimekwisha kuuzwa pamoja na vyombo vingine, naye hajaambiwa neno. Enyi ndugu, hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na wenye kukosea si waovu. Tunamhesabu mzee katika mizigo, tukabishana kama achukuliwe au aachwe, na katika mabishano yote hayo yeye hayumo.

Siku ya ufunguzi wa Makka, Abu Bakr alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee aliyepofuka, nywele zake nyeupe kabisa, hadi mbele ya Mtume. Mtume akamwuliza kwa nini hakumwacha mzee nyumbani kwake, ili yeye Mtume amwendee. Huyo ndiye mshindi wa siku ile, aliyekwisha kuingia mji na jeshi lake. Na Nabii Yusuf (A.S.), alipowaita jamaa zake waje Misri, aliwakaribisha wazazi wake kwake akawakweza juu ya kiti chake cha enzi. Hakuwatafutia pembe ya nyumba.

Basi mwenye nia ya kurudi na mzee na aanze mapema. Ajue kwanza mzee ana uraia wa nchi gani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Zambia imeruhusu kwa katiba yake iliyorekebishwa mwaka 2016. Mzee aliyezaliwa Tukuyu akachukua uraia wa Zambia huenda akafika Tunduma akiwa mgeni katika nchi ya baba yake. Swali hilo lipelekwe Idara ya Uhamiaji wakati kitanda bado hakijauzwa. Dawa zake zichukuliwe za kutosha, na karatasi ya daktari. Njiani anayo ruhusa ya kupunguza sala na kuzikusanya, na asiyeweza kusimama husali ameketi. Asiyeweza tena kufunga Ramadhani kwa uzee hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Na baridi ya Mufindi mwezi wa Juni na Julai haimhurumii mtu wa miaka themanini: blanketi na chumba kilicho karibu na choo vitangulie kabla yake.

Liko na jambo la lugha, ambalo watu hulidharau. Bibi huyu amezoea Kibemba sokoni na kwa majirani. Huku atasikia Kihehe na Kibena. Asipokuwapo wa kuzungumza naye mchana, atakuwa na chakula na blanketi, naye yu pweke. Wala kazi yote isiangukie mwanamke mmoja wa nyumba. Mume naye ana mikono ya kuteka maji.

Yule bwana alipiga simu Kitwe palepale uani, nasi tukisikia. Bibi alisema, "Mwanangu, nitakuja. Lakini nikifa mtanirudisha kwa wanangu waliolala huku?" Akatutazama. Tulimwambia asimdanganye: madhehebu yetu hayapendi maiti ahamishwe mji hadi mji, na wengine wamelikataza kabisa; huzikwa na Waislamu wa pale alipofia. Akamweleza kwa upole, na akaahidi kuwa kabla ya safari watakwenda naye makaburini kuwaombea watoto wake. Bibi alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Haya, mkwe. Nikifika mnionyeshe wanapozika huko."

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira, kwetu na kwenu.