Redio ya Chuo Kikuu ni ya Nani?
Mhadhara wa umma uliotolewa Lushoto



Nimeombwa nizungumzie historia ya redio za vyuo vikuu. Wanaoisimulia historia hii huanza na mtambo: ulinunuliwa lini, mnara ukasimikwa wapi. Mimi naomba nianze na msikilizaji, maana hapa kwetu chuo kikuu kilipata wasikilizaji kabla hakijamiliki hata kipaza sauti.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sheria ya kuifanya ijitegemee ilikuja mwaka 1975. Taasisi haikuwa na kituo chake, ikatumia mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam kuendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee mlio hapa mnaikumbuka. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza, na viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walipewa mafunzo kabla kipindi cha kwanza hakijaruka hewani.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwa majuma 12 kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, kikasoma sura ya kitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya. Juma hili malaria, juma jingine minyoo au kichocho. Redio ilipozimwa ndipo somo lilipoanza: Maji yetu tunayachota wapi? Nani hana choo? Jembe lipo kwa nani? Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu nchini kote. Aliyetaka kujua kama kipindi kimesikika hakuhitaji kuhesabu barua za salamu. Alikwenda kijijini akatazama nyuma ya nyumba.

Miaka 20 baadaye, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali. Vyuo navyo vikaingia: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, kikawa na Radio SAUT, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na Mlimani Radio, chini ya shule yake ya uandishi wa habari, ambayo mizizi yake ni chuo cha uandishi kilichoanzishwa mwaka 1975. Redio hizi zilizaliwa kwa haja nyingine, ya kuwa karakana ya wanafunzi. Siibezi haja hiyo. Mwanafunzi anayesoma taarifa ya habari huku akijua kuna mama anamsikia jikoni hujifunza kuheshimu neno. Lakini katika kuhama huko msikilizaji alishuka cheo: mwaka 1973 alikuwa mshiriki, sasa ni mtu ambaye wengine wanajifunzia kwake.

Tusidhani kwamba hali hii haina budi kuwa hivyo. Nchini Marekani, kituo cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, kilichopewa jina la WHA mwaka 1922, kilikulia katika maabara ya fizikia, na miongoni mwa huduma zake za mwanzo ilikuwa kuwapa wakulima taarifa za hali ya hewa na bei za sokoni. Mkulima wa kabichi wa Lushoto anaielewa haja hiyo bila kufafanuliwa. Dalali anapofika shambani, bei ya Dar es Salaam anaijua dalali peke yake.

Milima nayo ina neno lake. Mawimbi ya kati na mafupi ya Radio Tanzania yaliweza kufika mbali. Lakini wimbi la FM, ambalo redio hizi za vyuo hulitumia, huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Likigonga mlima, nyuma yake linaacha kivuli. Mkiwa ndani ya gari mkipanda huku kutoka Mombo mnasikia wenyewe: kona moja stesheni ipo, kona ya pili imepotea. Kwa hiyo bonde la Usambara lisilo na mnara wa karibu linasikia mkwaruzo tu, na redio iliyo jirani ina kazi ambayo redio ya Dar es Salaam haiwezi kuifanya.

Elimu ya juu ilikwishapanda milima hii: mwaka 2007 chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa kilifunguliwa Magamba. Na pale Irente ipo shule ya wasioona, ambao kwao redio ni kitabu kisichohitaji kwanza kugeuzwa kuwa nukta nundu.

Basi ombi langu ni moja, na nalielekeza kwa wakuu wa vyuo, wa hapa na wa kwingine. Bajeti ya redio isianze na mnara. Ianze na viongozi wa vikundi: walimu, wauguzi, mabwana shamba na wazee wa vijiji, wafundishwe kwanza, kama walivyofundishwa wale wa mwaka 1973. Na mwaka unapokwisha, kabla ya kutuambia kituo kilitangaza kwa saa ngapi, tuambieni vijiji vilivyosikiliza vimefanya nini.