Dawa za Kupunguza Uzito: Bei Zake na Wajibu wa Chama
(Maelezo yaliyotolewa katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Huenda wengine wakauliza dawa za kupunguza uzito zinahusianaje na ushirika wa mazao. Zinahusiana, kwa sababu unene uliozidi na kisukari si maradhi ya mjini peke yake, na kwa sababu bei ya dawa hufuata kanuni anayoifahamu kila mkulima: penye muuzaji mmoja bei hupanda, penye wauzaji wengi hushuka.

Semaglutidi, iuzwayo kwa majina ya Ozempic na Wegovy, ilibuniwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Wegovy ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2021, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi. Machi 2024 watafiti walikadiria kwamba dawa hiyo ingeweza kutengenezwa, na mtengenezaji akapata faida ya kiasi, kwa bei isiyozidi dola 5 kwa mwezi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na hataza, yaani haki ya mbunifu kuuza peke yake kwa muda uliowekwa. Muda huo ukiisha, viwanda vingine huweza kutengeneza dawa yenye kiini kile kile. Hiyo ndiyo dawa ya jeneriki.

Jambo hili lilikwisha kuonekana. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitoa dawa za UKIMWI kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati zile za wenye hataza ziligharimu zaidi ya dola 10,000. Kwa semaglutidi, hataza yake kuu nchini India ilifikia kikomo Machi 2026. Aidha, Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, kutotekeleza hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033.

Hata hivyo, bei kushuka kiwandani si sawa na dawa kumfikia mwanachama. Yapo mambo matatu ya kuzingatia:

(a) Dawa hii hutolewa kwa cheti cha daktari. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye maradhi ya moyo au figo pamoja na unene uliozidi. Haikuwekwa humo kwa ajili ya urembo. Juni 2024 Shirika hilo lilitahadharisha juu ya Ozempic za bandia.

(b) Sindano zake, kabla ya kuanza kutumika, hutunzwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Si bidhaa ya kuwekwa ghalani pamoja na mbolea.

(c) Gharama yake haina msimu. Majaribio yalionyesha kuwa walioacha sindano walirudiwa na thuluthi mbili za uzito walioupoteza katika muda wa mwaka mmoja. Mkulima hulipwa kwa msimu, lakini sindano huchomwa kila wiki. Kwa hiyo anayetaka kukopa kwa ajili hiyo yafaa apige hesabu ya mwaka mzima, wala si ya mwezi wa kwanza.

Chama kinaweza kusaidia bila kugeuka duka la dawa. Katibu na aorodheshe idadi tu ya wanachama wenye vyeti, bila majina, kwani maradhi ni siri ya mtu. Kisha aombe bei kwa maandishi kutoka maduka matatu ya dawa yenye leseni, akitaja kiini cha dawa na si jina la biashara, kama afanyavyo anapotafuta pembejeo. Dawa itakayochaguliwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Mwanachama mmoja akienda dukani peke yake hupokea bei anayotajiwa. Wanachama ishirini wakiuliza kwa pamoja, huwa na nafasi ya kupatana.