TANGI LA MAFUTA KATIKA CHOMBO CHA ZAMANI
Maneno yaliyosemwa kwa mafundi na mabaharia katika mkutano wa tawi



Halmashauri ya tawi imetutaka sisi mafundi wa chelezoni tuzungumze nanyi juu ya tangi la mafuta. Pengine wako watakaosema, "Tangi ni debe kubwa tu, lina maneno gani?" Twawaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Mashua kuukuu au jahazi lililokuwa la tanga likipandishwa chelezoni lifanywe upya, mwenye chombo huangalia mbao, huangalia injini, huangalia rangi. Tangi hukumbukwa siku ya mwisho, sitaha imekwisha kufungwa na fedha zimekwisha toka. Ndipo fundi huambiwa, "Litie popote litakapoingia." Maneno hayo ndiyo tuliyokuja kuyapinga. Siku tangi hilo litakapovuja, si mwenye chombo atakayelala kifudifudi ndani ya ngama na taa mkononi. Ni sisi. Na likivuja baharini, ni mabaharia watakaoungua.

Basi neno letu ni hili: tangi lichaguliwe, na mahali pake papimwe, kabla ya sitaha kufungwa, tena liwe mahali ambapo laweza kuonekana, kufikiwa na kutolewa bila kupasua chombo. Mengine yote tutakayosema yatoka hapo.

KIASI CHA MAFUTA

Kwanza ulizeni chombo kitakwenda wapi. Injini ya dizeli hula karibu robo lita kwa saa kwa kila nguvu ya farasi moja inayotumika. Iliyo mpya na nzuri hula pungufu kidogo. Tuseme injini yatumia farasi 20. Hiyo ni lita 5 kwa saa. Ikiwa safari ni saa 4 kwenda na saa 4 kurudi, ni lita 40. Desturi njema ya baharini ni mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la akiba. Hapo twapata lita 60. Ongezeni nafasi ya hewa juu, kwa sababu mafuta huvimba kwa joto, na lita chache za chini zisizofikiwa na bomba. Tangi la lita 70 latosha.

Mwenye chombo atasema, "Nitieni la lita 400, nisisumbuke." Mwonyesheni hesabu. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Lita 400 ni kilo 336, yaani watu wazima watano wamelala ndani ya chombo mchana na usiku, safari ndefu na safari fupi. Tena mafuta yakikaa sana huharibika. Maji ya mvuke hutuama chini, na mahali mafuta yanapokutana na maji huota vijidudu vinavyofanya utando mweusi. Utando huo huziba chujio, na huziba wakati wa mawimbi, kwa kuwa ndipo uchafu unapotibuliwa.

MAHALI PA KULIWEKA

Uzito wa mafuta haukai hali moja. Asubuhi upo, jioni haupo. Kwa hiyo tangi liwe karibu na katikati ya urefu wa chombo, hata likijaa au likiisha, chombo kisiiname mbele wala nyuma. Vyombo vyetu vya zamani vilitengenezwa kwa tanga, na vingi ni vyembamba nyuma. Wakati wa kutiwa mtambo, injini huwekwa nyuma. Tukiongeza na tangi nyuma ya injini, tezi huzama na omo huinuka, na usukani hautii tena kama zamani. Nahodha hulaumu usukani, kumbe kosa ni la tangi.

Liwe chini kadiri iwezekanavyo, maana uzito wa juu hulaza chombo. Lakini lisikae ndani ya maji ya ngama. Chuma kinacholoa na kukauka kila siku hakina maisha.

Sasa tazameni upana. Tangi pana lililojaa nusu ni hatari, kwa sababu chombo kikilala upande mmoja mafuta nayo hukimbilia upande ule ule, yakazidi kukilaza. Nguvu ya kosa hili huongezeka upesi sana kwa upana. Tangi moja pana likifanywa mawili membamba, moja kulia na moja kushoto, ubaya huo hushuka mpaka robo. Lakini kila moja liwe na koki yake, nayo ifungwe chombo kikiwa safarini. Mkiyaunganisha kwa bomba lililo wazi chini, mafuta yatapita kutoka upande wa juu kwenda upande wa chini, na faida yote imepotea.

Liwe mbali na bomba la moshi na mbali na betri. Dizeli haishiki moto kwa urahisi kama petroli, lakini ikinyunyiza juu ya bomba la moshi lenye joto huwaka. Petroli ni jambo jingine kabisa. Hutoa mvuke hata katika baridi kali, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu, basi haupandi ukaenda zake, bali hushuka ndani ya ngama ukangoja. Sehemu moja na nusu tu ya mvuke katika sehemu mia za hewa yatosha kulipuka kwa cheche ya swichi. Kwa hiyo mwenye chombo akitaka injini ya ndani, mshaurini achukue ya dizeli. Akishikilia petroli, chumba cha tangi kitengwe na injini, na kiwe na njia ya hewa inayofika mpaka chini.

Jinsi ya kulikalisha: lisilale juu ya mbao tupu za chombo wala juu ya vichwa vya misumari. Wekeni magogo mawili au zaidi yaliyofungwa kwenye mataruma, na juu yake vipande vya mpira mgumu au plastiki visivyonywa maji. Msiweke gunia wala zulia. Hivyo hushika maji ya chumvi na kulila tangi kutoka chini, mahali pasipoonekana. Acheni nafasi ya kupitisha mkono pande zote. Lifungwe kwa mikanda ya chuma imara, maana tangi likikatika wakati wa mawimbi hugeuka nyundo.

Na hapa tuna shauri lisilo na gharama. Kabla ya kuagiza tangi, tengenezeni sanduku la mbao nyepesi au karatasi ngumu, kipimo kile kile. Liingizeni kwa mlango wa sitaha, likalisheni mahali pake, kisha litoeni tena. Likikwama sanduku, litakwama tangi.

NI LA KITU GANI?

Kwa dizeli, chuma cha kawaida cheusi ni kizuri, ndani hakipakwi kitu, nje kinapakwa rangi sana sana. Hudumu miaka mingi kikiwa kikavu. Msitumie chuma kilichopakwa zinki ndani. Zinki hupatana na dizeli ikafanya kitu kama sabuni, nacho huziba mashini. Shaba nyekundu na shaba ya njano nazo huifanya dizeli ishike utomvu, basi hazifai kuwa tangi.

Chuma kisichoshika kutu ni ghali, na jina lake hudanganya. Kikikaa chumvini pasipopata hewa, huliwa vitundu vitundu, hasa penye mshono wa kuchomelea. Aluminiamu ya baharini ni nyepesi na nzuri, lakini isiguswe na shaba, wala isilale juu ya mbao mbichi. Plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hii haili kutu, ila hutanuka kidogo inapojaa mafuta. Iacheni ipumue, msiibane kwenye kona. Mitungi ya maji na madebe ya mafuta ya kupikia si matangi.

Ndani ya tangi refu pawe na vizuizi, kila baada ya sentimita 75 hivi au pungufu, vyenye matundu ya kupitisha mafuta polepole. Na juu pawe na mlango unaotoshea mkono, mwingine kwa kila chumba. Tangi lisiloingia mkono halisafishwi.

MABOMBA

Bomba la kujazia lifike sitahani, na kifuniko chake kiwe mahali ambapo mafuta yakimwagika yatakwenda nje, si ndani. Ikiwa tangi au kifuniko ni cha chuma, viunganishwe kwa waya, umeme wa msuguano usiruke wakati wa kujaza. Bomba la kupumulia lisiwe jembamba kuliko milimita 14, lipande juu, lipinde shingo, na litokee nje ya chombo, kamwe si ndani ya chumba cha injini.

Bomba la kwenda injini lichomoe mafuta kwa juu, mdomo wake ukiwa sentimita chache kutoka chini, ili usinyonye maji na matope. Kwa petroli msitoboe tangi mahali pengine popote ila juu. Kwa dizeli inaruhusiwa koki ya kutolea maji chini, iwe na kifuniko cha skurubu pia. Koki ya kufunga mafuta iwe kwenye tangi lenyewe, na baharia aweze kuifunga akiwa nje ya chumba cha injini. Chumba kikiwaka, nani ataingia kuitafuta? Vioo na mipira myepesi ya kuonyesha kiasi cha mafuta msiweke. Kijiti cha kupimia hakivunjiki.

KULIPIMA

Tangi lipimwe kabla ya kuingia chomboni. Lijazeni maji, na simamisheni mpira wenye maji kwenda juu mita 2 hivi toka juu ya tangi. Hiyo ni kama paundi 3 kwa kila inchi ya mraba. Ngojeni, tazameni kila mshono, kisha kausheni kabisa. Msilipulize kwa mashini ya upepo. Ubavu wa inchi 24 kwa 24, kwa paundi 3 tu, hubeba uzito wa kilo 780 hivi. Kwa paundi 10 hubeba zaidi ya tani mbili na nusu. Maji yakipasua tangi, utalowa. Upepo ukilipasua, utazikwa.

TANGI KUUKUU NA MOTO

Tumefika kwenye jambo lililotuleta hapa hasa. Tajiri asiyetaka gharama humwambia fundi, "Toa lile la zamani, piga kiraka, rudisha." Ndugu, tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke. Wala msiseme, "Hili lilikuwa la dizeli, halina neno." Dizeli iliyofichwa ndani ya kutu na mishono hupata joto la moto wa kuchomelea, ikawa mvuke, ikalipuka. Kuosha kwa sabuni hakutoshi. Kutia moshi wa lori ni kubahatisha. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefundishwa, tangi likisafishwa kwa mvuke wa maji ya moto, kisha likijazwa maji au gesi isiyowaka, na hewa yake ikipimwa kwa chombo cha kupimia. Kama hayo hayapo, tangi jipya ni rahisi kuliko sanda.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza kuchomelea tangi lililokuwa na kitu cha kuwaka mpaka hatua zote ziwezekanazo zichukuliwe kuondoa kitu hicho na mvuke wake. Tena mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ni wajibu wake kumwarifu msimamizi, na tajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Lakini sheria haijui kusema yenyewe. Fundi mmoja akikataa ataitwa mvivu, na kesho ataitwa mwingine mwenye njaa zaidi. Mafundi wote wa chelezo wakikataa pamoja, kiraka hakitapigwa.

Basi twawaombeni mambo matatu. Moja, chombo kikipandishwa, ulizeni habari ya tangi siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Pili, msifunge sitaha juu ya tangi lisiloweza kutoka. Tatu, yeyote atakayeamrishwa kuchomelea tangi kuukuu lisilosafishwa wala kupimwa, aweke chombo chake chini na amwite mjumbe wa chama. Na wenzake wasimame naye.

Na ninyi mabaharia, msipande tu kwa kuwa rangi ni mpya. Ombeni kuonyeshwa tangi liko wapi na koki yake iko wapi. Mkiambiwa halionekani, jueni kazi haijakwisha.

Umoja ni nguvu.